Chakula cha Peleti kwa Sungura: Tuchague kwa Hesabu, Siyo kwa Bei ya Mfuko



Kikundi kinapoandika maombi ya mradi wa sungura, bajeti huanza na mbao, mabati, wavu wa vizimba, majike na dume. Chakula huwekwa mstari wa mwisho, na mara nyingi ni mifuko miwili au mitatu "ya kuanzia". Vizimba hudumu miaka kadhaa. Mifuko hiyo huisha kabla sungura wa kwanza hajauzwa. Hapo wanakikundi hutafuta chochote kilichopo dukani kwa bei ndogo, watoto wa sungura huanza kuharisha na kufa, na mradi uliozinduliwa kwa sala na picha hubaki vizimba vitupu nyuma ya nyumba ya parokia.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua chakula cha peleti kwa kikundi kidogo cha uzalishaji, chenye majike 5 na dume 1, katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Yanazihusu kamati za maendeleo za parokia zinazosimamia vikundi, na wafadhili wanaotoa fedha. Jambo kuu ni moja: chakula nafuu ni kile kinachomfikisha sungura sokoni kwa gharama ndogo, na bei iliyoandikwa kwenye mfuko haitoshi kutuambia hilo.

Peleti ni nini, na sungura anahitaji nini

Peleti ni chakula kilichosagwa, kikachanganywa, kisha kikashindiliwa kwa mashine kuwa vipande vidogo vya mviringo. Kwa sungura, kipande kizuri kina unene wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa karibu sentimita moja. Faida yake ni kwamba sungura hawezi kuchagua kiungo anachokipenda na kuacha kingine. Kila anapouma anapata mchanganyiko kamili.

Tumbo la sungura ni tofauti na la kuku au nguruwe. Sehemu ya nyuzinyuzi za majani huchachuka katika utumbo mpana. Kisha sungura hutoa kinyesi laini, hasa usiku na alfajiri, na kukila tena moja kwa moja ili kupata protini na vitamini zilizotengenezwa humo. Mfugaji mgeni akimwona sungura akiinama na kula chini ya mkia asishtuke, ni afya. Lakini utaratibu huo unategemea nyuzinyuzi. Sungura akipewa wanga mwingi na nyuzinyuzi chache, chakula hutembea polepole tumboni, vijidudu vibaya huongezeka, tumbo hujaa gesi na kuhara hufuata. Wanaokufa kwanza ni watoto walioachishwa kunyonya karibuni.

Kwa hiyo tunatafuta mambo mawili makubwa kwenye lebo ya mfuko:

1. Protini. Jike anayenyonyesha anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 17 hivi. Watoto wanaokua wanahitaji karibu asilimia 16, na jike mwenye mimba karibu asilimia 15. Dume na jike aliyepumzika hutosheka na asilimia 12 hadi 13, kiasi ambacho majani mazuri yanaweza kukifikia.

2. Nyuzinyuzi. Asilimia 14 hadi 16 inafaa kwa kundi lenye sungura wa umri mbalimbali. Chakula chenye asilimia 6 au 7 tu kina wanga mwingi mno kwa tumbo la sungura.

Mfuko usioonyesha tarakimu hizi mbili usinunuliwe, hata ukipunguzwa bei. Rangi ya kijani si ushahidi wa ubora, wala picha ya sungura mnene kwenye mfuko.

Chakula cha kuku si chakula cha sungura

Duka linapokosa peleti za sungura, muuzaji hushauri chakula cha kuku wa nyama kwa sababu "nacho kina protini". Ushauri huu ni wa hatari kwa sababu mbili. Kwanza, chakula cha kuku kina nyuzinyuzi chache mno. Pili, baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia kosidiosisi, na baadhi ya dawa hizo, kama narasin na salinomycin, ni sumu kwa sungura. Chakula cha ng'ombe nacho kinaweza kuwa na urea, ambayo haimfai sungura. Kikundi kikikosa peleti kwa wiki moja, ni salama zaidi kuwalisha sungura majani mazuri na pumba kidogo kuliko kubahatisha na mfuko wa mnyama mwingine.

Hesabu ya kwanza: bei ya kilo inayoliwa

Tuchukue mfano wa mifuko miwili. Bei hizi ni za mfano tu. Kila kamati iweke bei za soko lake siku inaponunua.

Mfuko A una kilo 50 na unauzwa Sh 50,000. Usafiri mpaka kijijini ni Sh 5,000. Lebo inasema protini ni asilimia 13. Ukichekecha, asilimia 10 ni vumbi.

Mfuko B una kilo 25 na unauzwa Sh 28,000. Usafiri ni Sh 2,500. Protini ni asilimia 17, na vumbi ni asilimia 2.

Dukani, kilo ya A ni Sh 1,000 na kilo ya B ni Sh 1,120. Wengi watachukua A. Lakini sungura hali vumbi. Hulikwaruza nje ya chombo, na anachokivuta puani humfanya apige chafya. Ukiondoa vumbi na kujumlisha usafiri, Mfuko A una kilo 45 zinazoliwa kwa Sh 55,000, yaani kama Sh 1,220 kwa kilo. Mfuko B una kilo 24.5 kwa Sh 30,500, yaani kama Sh 1,245. Tofauti karibu imekwisha.

Sasa tuangalie protini. Kilo 45 za A zina kilo 5.85 za protini, hivyo kila kilo ya protini imegharimu kama Sh 9,400. Kilo 24.5 za B zina kilo 4.17 hivi za protini, na kila kilo imegharimu kama Sh 7,320. Mfuko ulioonekana ghali ndio nafuu. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Kipimo cha vumbi hakihitaji maabara. Omba kufunguliwa mfuko mmoja, pima kilo moja, chekecha kwa chekecheke ya unga, kisha pima kilichopita. Gramu 20 au 30 ni kawaida. Gramu 100 ni hasara unayoilipia.

Hesabu ya pili: peleti kiasi gani, na kwa nani

Hapa ndipo akiba kubwa inapatikana. Wafugaji wakubwa wa nchi za nje hulisha peleti tupu kwa sababu kwao kazi ya mikono ni ghali kuliko chakula. Kwetu mambo ni kinyume. Majani yapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na fedha taslimu ndiyo haba. Peleti ziwe nyongeza inayopelekwa kwa wanaoihitaji zaidi, nayo majani makavu na mabichi yajaze tumbo.

Tuchukue uzao mmoja wa jike mmoja: mimba siku 31, kunyonyesha siku 35, kupumzika siku 25. Tuseme anaachisha watoto 6.

Akilishwa peleti pamoja na majani ya kutosha:
- Mapumziko: gramu 40 kwa siku, jumla kilo 1.
- Mimba: gramu 80 kwa siku, jumla kilo 2.5.
- Kunyonyesha: gramu 200 kwa siku, jumla kilo 7.
- Watoto 6 baada ya kuachishwa: gramu 50 kila mmoja kwa siku 77, jumla kilo 23.

Jumla ni karibu kilo 34 kwa uzao, yaani kilo 5.6 kwa kila sungura anayeuzwa. Kwa bei ya mfano ya Sh 1,250 kwa kilo, hiyo ni Sh 7,000.

Akilishwa peleti tupu, hata kama watoto watakuwa tayari mapema baada ya siku 56, uzao huo huo hula karibu kilo 57, yaani kilo 9.5 kwa kila sungura. Gharama inafika karibu Sh 11,900. Kabla ya kuamua, kamati iulize bei ya sungura aliye tayari katika soko la Katesh, Haydom, Mbulu mjini au Babati, kisha iulinganishe mnada huo na hesabu hizi mbili. Mara nyingi hapo ndipo inapoonekana kama mradi una faida au la.

Tuongeze jambo moja. Chakula anachokula jike hugawanywa kwa idadi ya watoto wanaosalia. Wakibaki 3 badala ya 6, kila mmoja hubeba mzigo wa wenzake waliokufa, na peleti kwa kila sungura hupanda kutoka kilo 5.6 hadi 7.3. Ndiyo maana kumpunja mama anayenyonyesha si kubana matumizi. Kama fedha zinatosha mfuko mmoja tu mwezi huu, wapewe kwanza majike wanaonyonyesha na watoto waliotoka kuachishwa. Dume na majike waliopumzika wasubiri na majani.

Majani ya Mbulu, pumba za Hanang

Wilaya hizi mbili zina utajiri tofauti. Katika nyanda za juu za Mbulu mashamba ni madogo, baridi ni kali mwezi Juni na Julai, na familia nyingi zimezoea kukata majani na kupeleka bandani. Maharage yakivunwa, mabua na maganda yake yakianikwa vizuri ni chakula chema cha nyuzinyuzi kwa sungura. Majani ya viazi vitamu, desmodiamu na nyasi zilizonyaushwa huongeza protini na kubadilisha ladha. Lusina hustawi zaidi maeneo yenye joto. Itumike kwa kiasi, isiwe chakula pekee, kwa kuwa ina kemikali inayodhuru ikizidi.

Hanang ni wilaya ya ngano na alizeti. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada, na ngano ingali zao linalofahamika wilayani. Alizeti hukamuliwa katika mashine ndogo za mafuta, na mashudu yake yanapatikana karibu kuliko mifuko inayotoka Arusha. Mashudu ya mashine ndogo huwa na maganda mengi. Kwa kuku hiyo ni kasoro. Kwa sungura ni faida, kwa kuwa maganda ni nyuzinyuzi.

Hivyo kuna njia ya tatu: vikundi kadhaa vya parokia jirani kuchanganya chakula chao. Mchanganyiko huu wa kilo 100 unaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo na afisa mifugo:

- Pumba za ngano, kilo 30
- Pumba za mahindi, kilo 25
- Mashudu ya alizeti, kilo 25
- Majani makavu ya mimea jamii ya kunde yaliyosagwa, kilo 15
- Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 3
- Chokaa ya mifugo, kilo 1.5
- Chumvi ya mezani yenye madini joto, nusu kilo

Kwa viungo vya kawaida, protini huwa karibu asilimia 16 hadi 18 na nyuzinyuzi karibu asilimia 15. Mashudu hutofautiana sana kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo ni busara sampuli ya kwanza ipimwe maabara kabla ya kutengeneza tani nzima. Soya mbichi isitumike. Moto ndio unaoondoa kizuizi cha usagaji wa protini. Magadi yasiwekwe badala ya chumvi, kwa kuwa magadi ya ukanda wa Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi.

Mchanganyiko wa unga ambao haukupitishwa kwenye mashine ya peleti unyunyiziwe maji kidogo mpaka ushikane, utolewe kiasi kinacholiwa siku hiyo hiyo, na masalio yaondolewe jioni yasichachuke. Vikundi vikiwa vingi vinaweza kununua pamoja mashine ndogo ya peleti, lakini kamati isianze na mashine. Ianze na hesabu ya kilo ngapi zinahitajika kwa mwezi. Mashine ya kuhudumia majike 5 itakaa bila kazi.

Ukungu ni adui wa siri

Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na wengine walifariki, kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Sumu hiyo hiyo hupatikana katika pumba na mashudu yaliyohifadhiwa na unyevu, na sungura ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mahindi mabovu yasiyofaa kuliwa na familia yasigeuzwe pumba za sungura kwa kisingizio cha kutopoteza.

Mnunuzi aangalie tarehe ya kutengenezwa, anuse, na aingize mkono mpaka katikati ya mfuko. Peleti zilizoshikana mabonge, zenye joto au harufu ya uvundo, zirudishwe. Nunua kiasi cha kutumika ndani ya miezi 2 au 3, kwa kuwa vitamini hupungua kadiri siku zinavyopita. Mifuko ikae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, mbali na panya, na kamwe isiwe chumba kimoja na mbolea au dawa za mashamba.

Usibadilishe chakula ghafla. Mfuko mpya wa kiwanda kingine uchanganywe na wa zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Na maji yawepo wakati wote. Jike mwenye watoto anaweza kunywa lita moja au zaidi kwa siku, na akikosa maji huacha kula hata peleti bora kuliko zote. Katika miezi ya ukame, Juni hadi Oktoba, safari ya maji ihesabiwe kama sehemu ya gharama za chakula.

Maswali ya kamati kabla ya kulipa

1. Je, mfuko umeandikwa wazi kuwa ni wa sungura, pamoja na protini, nyuzinyuzi, tarehe na jina la mtengenezaji? Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, inayosimamia utengenezaji na uuzaji wa vyakula hivi. Kuuliza ni haki ya mnunuzi, si ugomvi.
2. Je, tumepata bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili, pamoja na usafiri?
3. Je, tumepima vumbi?
4. Je, muuzaji atakuwa na chakula hicho hicho mwezi ujao?
5. Je, parokia jirani zinaweza kuagiza pamoja nasi ili tugawane gari?
6. Je, tumejaribu? Chukua watoto 12 wa umri mmoja, wagawe 6 kwa 6, walishe vyakula viwili tofauti kwa wiki 4 baada ya kuwazoesha. Pima chakula, pima uzito, andika vifo. Mizani na daftari vitatoa jibu ambalo muuzaji hawezi kulitoa.

Neno kwa wafadhili

Tangu jike apandishwe mpaka watoto wake wauzwe kwa utaratibu wa peleti na majani, zinapita siku 143, karibu miezi 5. Kwa mwaka, majike 5 yenye uzao 4 kila moja pamoja na dume huhitaji karibu kilo 695 za peleti, yaani mifuko 28 ya kilo 25. Kwa miezi 5 ya mwanzo, kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, ni karibu mifuko 12. Msaada unaolipia mifuko 3 umekiacha kikundi katikati ya mto.

Hatuombi chakula kitolewe bure kila mwaka. Tunapendekeza bajeti ya mwanzo ijumuishe chakula cha mzunguko mmoja kamili, mizani, chekecheke, chaga za stoo na mbegu za malisho, hata ikibidi idadi ya vizimba ipungue. Mauzo ya kwanza yatengewe fedha za mifuko inayofuata kabla ya mgawo wowote kwa wanakikundi. Kikundi kinachoweza kujinunulia mfuko wa kumi na tatu kimesimama.

Katika Injili ya Luka, Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na jinsi inavyompasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi. Kamati ikutane basi na kalamu, mizani na bei za wiki hii, kabla fundi wa vizimba hajaitwa. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.